Ndege Imefika

Helikopta ya Kapteni Leodgar ilikuwa ndogo, ya viti vinne. Iliundwa kwa ajili ya upelelezi wa kijeshi, lakini kwa wiki mbili jeshi lilikuwa limeitoa itusaidie kuwarudisha tembo hifadhini. Kwenye kikao Musoma kapteni alituambia sisi maafisa ugani kwamba wepesi wake ndio uzuri wake na ndio ubaya wake. Inageuka kama inzi, inamfukuza tembo bila kumgusa, ila haibebi mafuta mengi. Kwa siku inahudumia kijiji kimoja, basi.

"Kila asubuhi saa moja mtanipigia," alisema. "Anayenihitaji zaidi, kwake ndiko nitakakokwenda."

Jumatano ile tembo kumi na mmoja walikuwa wamelala kichakani, pembeni ya mtama wa Mama Ngusa, nje kidogo ya Bunda. Mtama ulikuwa umebakiza siku nne au tano kuvunwa. Pamba yake walishaikanyaga wiki iliyotangulia. Mtama ndio uliobaki, chakula cha watu sita mpaka mwakani.

Saa moja tulikuwa juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao: mimi, Mama Ngusa na debe lake la kufukuzia tembo, shemeji yake Makoye, mwenyekiti wa kijiji Mzee Mwandu, na majirani kadhaa. Nilipiga. Kapteni alipokea upesi, na sauti yangu ikanikimbia kama kawaida.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, afande. Ni... ni afisa ugani wa..."

"Sikusikii, dada. Ongeza sauti."

"Bibi shamba, simu haing'ati!" Makoye alisema. "Au unaposwa hapo?"

Majirani walicheka. Mzee Mwandu akaninyooshea mkono, kwa upole kabisa. "Lete hapa, mwanangu. Hii kazi ya mwenyekiti."

Nikampa.

Mzee Mwandu Kiswahili amekijulia mnadani. Aliweka simu kwenye spika, akaongea kama mtu anayevusha ng'ombe mto.

"Afande! Huku hali mbaya! Tembo ziko kichakani. Na sasa ndege nayo imefika! Tangu alfajiri inazunguka juu ya mtama!"

Alikuwa akimaanisha kwelea, wale ndege wadogo wenye midomo myekundu, ambao kweli walikuwa wametufunika kama moshi. Huku kwetu hatuhangaiki kuchagua kati ya imefika na wamefika. Lakini kapteni hakuwa wa huku.

"Imeshafika?"

"Imefika, afande! Inashuka, inapanda!"

"Basi itakuwa ya hifadhi, imetuwahi. Safi sana, mzee. Sisi tunaelekea Butiama."

"Asante, afande! Asante!" Mzee Mwandu akatugeukia. "Wanakuja. Wanapitia Butiama kwanza."

Nilikuwa nimeelewa tangu kapteni aliposema "imeshafika". Ningeweza kuinama tu kwenye ile simu na kusema maneno matatu. Lakini kumkosoa mzee Kiswahili chake mbele ya watu wake! Nilisubiri amalize. Alipomaliza, alikata.

"Mzee," nilisema, "wameelewa helikopta imeshafika."

"Helikopta gani?"

"Ulisema ndege imefika."

"Si imefika? Hii hapa!" Akanionyesha angani, akiwa ameanza kukasirika.

Nilipiga tena. Haipatikani. Nikapiga mara nane, tisa, nikituma na ujumbe, mpaka kidole kikauma. Majirani waliondoka mmoja mmoja.

"Helikopta yenu imepitia ziwani Mugango kula sato, nini?" Makoye aliuliza. Sasa hakuna aliyecheka.

Kapteni alipiga mwenyewe saa saba. Safari hii nilipaza sauti mpaka nikajishangaa. "Haijafika, afande! Ni kwelea! Ni ndege wa kula nafaka!"

"Dada yangu, mafuta ya leo yameisha. Kesho asubuhi naanza na ninyi."

Saa kumi tembo walitoka. Hawakuwa na haraka. Mama Ngusa alipiga debe, Makoye akapiga mayowe, mimi nikapiga sufuria kwa jiwe. Jike mmoja alitutazama kidogo, kisha akaendelea kula. Kabla jua halijazama, Mama Ngusa aliacha kupiga. Tembo walikuwa wamekwishavuka upande wa pili wa shamba.

Alinijia, debe likiwa limebonyea.

"Ulijua mapema kwamba hawaji?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mzee alipokuwa bado kwenye simu."

Nilitamani anitukane.

"Kumbe sauti unayo," alisema. "Ile ya saa saba niliisikia mpaka nyumbani."

Akainama kuokota masuke yaliyovunjika na kuyatia kwenye debe. Niliinama naye.

"Acha," alisema, bila kuinua kichwa. "Hayatoshi kuokotwa na watu wawili."