Goti la Torquil

Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawajaishi kisiwani. Kisiwani njia ya mwongo ni duara. Unaizunguka mpaka unazeeka, na kila ukipita unawasalimia watu walewale.

Torquil MacAffer alisema uongo mmoja tu wa maana maishani mwake, na aliusema kwa ajili ya baba yake. Mzee Dugald alikuwa mpishi wa wiski katika kiwanda cha Rubha Dubh, kule ambako mawimbi ya baridi hupiga kuta za ghala. Miaka yote aliyosimamia vile vyungu viwili vya shaba, hakuwahi kuonja alichokipika kikiwa kimekomaa. Wafanyakazi walipewa kikombe cha wiski mbichi, nyeupe kama maji, inayochoma koo. Ile iliyolala pipani mpaka ikashika rangi ilipakiwa melini, ikaenda kunywewa na mabwana wa bara. Sasa mzee alikuwa kitandani, mapafu yamekwisha, na alichotaka ni funda moja la pipa alilolijaza mwaka aliozaliwa Torquil.

"Nataka kujua tu kama kazi nilikuwa naijua," alimwambia mwanawe.

Ungemkatalia? Mimi nisingeweza.

Njia ya kuipata ilijulikana na kila mtu. Ilikuwa bomba la shaba, chini limezibwa kwa senti iliyochomelewa, juu lina kizibo. Ulilitumbukiza pipani, ukalijaza, ukalining'iniza ndani ya suruali, na likafuatana nawe hadi nyumbani. Wenyewe waliliita mbwa, maana halimwachi bwana wake na wala halibweki. Wote waliiba, hata yule aliyeongoza zaburi kanisani. Torquil peke yake hakuwahi, kwa kuwa alikuwa mwoga na alikuwa na cha kupoteza. Meneja alishamwahidi nafasi ya baba yake kwenye vyungu, na nafasi hiyo ndiyo aliyoitamani tangu utoto. Isitoshe, nyumba aliyokaa na mkewe Effie ilikuwa ya kiwanda. Mwizi akishikwa, kazi na nyumba viliondoka siku moja.

Aliazima mbwa wa Niall, kaka yake Effie. Alikuwa mbwa mrefu, kutoka pajani hadi chini ya goti. Torquil akamjaza bila kuonekana na mtu, akatoka ghalani mchana kweupe akijipongeza moyoni, na mlangoni akakutana uso kwa uso na Bwana Haddow.

Haddow alikuwa ofisa wa ushuru. Serikali ilimweka palepale kiwandani alinde kodi yake. Ghala ilikuwa na kufuli mbili, ufunguo wa moja anao yeye na wa nyingine kinao kiwanda, na asubuhi hakuna aliyeingia bila mwenzake kufungua. Alikuwa mjane, mpole, mwenye kiu ya maongezi, na watu wakimkwepa kwa sababu ya kazi yake. Siku ile alikuwa amechemsha chai katika kiofisi chake kando ya mlango.

"Ingia, Torquil. Keti."

"Nimeridhika hivi hivi, bwana."

"Keti bwana, kiti hakiumi."

Torquil alikitazama kile kiti kama mtu anavyotazama kaburi lake. Shaba haikunjiki. Akiketi, ama bomba litoboe suruali ama kizibo kiruke, na ile harufu ya moshi na chumvi haina jina jingine. Ndipo ulimi ukaenda wenyewe.

"Goti, bwana. Nimeumia. Halikunjiki."

Haddow akaweka kikombe chini, akapiga magoti alitazame. Torquil akapiga ukelele wa maumivu kabla hata hajaguswa. Yule mtu akarudisha mkono haraka, akaomba radhi. Torquil akainywa chai yote wima, ikimuunguza, huku Haddow akimsimulia habari za marehemu mkewe. Kisha akachechemea hadi nyumbani, mguu umenyooka kama mpini wa jembe, na Haddow mlangoni akimsindikiza kwa macho ya huruma.

Mzee Dugald alionja kwa kijiko. Alifumba macho muda mrefu hata Effie akaogopa. Akasema moshi wa mboji iliyokaushia shayiri upo, na chumvi ya ukutani imeingia, na nyuma yake kuna kamba ya lami iliyoanikwa juani. Ndivyo alivyokuwa akiifikiria siku zote.

"Nilikuwa naijua," akasema, na hakuomba kitu tena. Alizikwa wiki hiyohiyo.

Torquil alikusudia kupona baada ya mazishi. Lakini mapipa yalipimwa, na la mwaka wake likapungua kuliko ilivyo desturi ya mapipa kupungua. Wakubwa wakaja kutoka bara, wakamhoji kila mtu. Mzee yule alikuwa anakufa, pipa lilikuwa lake, na mwana alionekana akitoka ghalani. Hata mtoto angejumlisha. Haddow ndiye aliyesimama kumtetea. Pipa lile lilikuwa safu ya chini, alisema, na mtu hawezi kulifikia bila kupiga magoti. Yeye kwa macho yake alimwona Torquil hawezi hata kuketi.

Wakubwa waliondoka na Torquil akabaki na nyumba. Alibaki na goti pia. Siku ambayo lingepona, watu wangeuliza kama kweli liliwahi kuumwa.

Kazi ya vyungu nayo ni ya ngazi na ya kupiga magoti kwenye mabomba. Meneja alisikitika sana, akampa Niall. Torquil alipewa kazi nyepesi, ya kushika ufunguo wa kiwanda, kwa ombi la Haddow mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi walisimama bega kwa bega mbele ya mlango uleule, huyu na ufunguo wake na huyu na wake. Haddow humuuliza goti limeamkaje, na Torquil hujibu kwamba leo kuna baridi. Haddow alimletea dawa ya kuchua. Alimletea fimbo nzuri aliyoichonga mwenyewe. Torquil alimchukia kwa wema wake jinsi ambavyo hakupata kumchukia mtu kwa ubaya.

Mwanzoni nyumbani alilikunja goti, kisha akaanza kuogopa.

"Mlango umefungwa, tembea kama mtu," Effie alimwambia.

"Na dirisha je?"

Kisiwani dirisha ni la kila mtu. Akazoea kuchechemea hata jikoni. Binti yao alipoolewa, watu walicheza hadi sakafu ikalia, naye alikaa pembeni akishika makoti. Upepo ukivuma kutoka kwenye vyungu alinusa na kujua kwamba Niall amekata mkondo kwa kuchelewa tena, ameachia ule mkia mzito wa mwisho wa mchemsho upite, na wiski ya mzee inageuka dawa ya kidonda. Hakuwa na mdomo wa kumwambia. Mbwa alikuwa wa Niall, na Niall alijua kila kitu, na tangu apate vyungu hakuwahi kulitaja goti hilo hata mara moja.

Hatimaye serikali ikaamua kuondoa maofisa wake viwandani. Haddow, mvi kichwa kizima, akafanyiwa karamu ya kumuaga kwenye sakafu ya kuoteshea shayiri. Alipokunywa ya tatu alisimama, akasema wasimdhanie kipofu.

Akaanza kuwataja. Alijua mbwa wa mwongoza zaburi alifungwa kwa kamba ya viatu. Alijua wa Niall hukaa mguu wa kushoto. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Aliwaacha, alisema, kwa kuwa mtu asiyeonja jasho lake ni mtumwa.

"Lakini mwaminifu yupo mmoja," akamaliza. "Torquil. Yule pekee hajawahi kuniibia hata tone."

Makofi yakavuma. Niall akaangalia meza.

Torquil akasimama, akaitupa ile fimbo. Kwa mara ya kwanza alifurahi.

"Niliiba," akasema. "Pipa la baba yangu ni mimi. Goti hili ni zima, halijaumwa hata siku moja. Tazameni."

Akainua mguu akunje. Goti likakataa. Akalishika kwa mikono miwili, akalilazimisha, jasho likamtoka, na halikwenda popote. Kicheko kilichokuwa kimeanza kikafa chenyewe.

"Niall," akasema. "Waambie wewe."

Niall akanyanyuka, akamjazia glasi.

"Kunywa, shemeji. Umechoka."

Haddow alikuwa amekwisha kumfikia, macho yamemjaa machozi. Akamshika mkono, akamvutia kiti.

"Keti, rafiki yangu. Hizi dhambi zetu si za kubeba wewe."

Torquil akaketi. Mguu ulibaki umenyooka mbele yake, na watu waliokwenda kuongeza kinywaji wakawa wanauzunguka kwa heshima.