Sauda Hajafa

Hapa Mutomo kuna watu wanasema mimi Mbula ni mwongo. Wacha waseme. Mtu aliyeuza muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa, sokoni miaka yote hii amezoea kusemwa: ukitia chumvi wanasema umezidisha, ukipunguza wanasema umekuwa mchoyo. Lakini lile jambo la Sauda sikubali liitwe uongo, na nikisikia mtu akiliita hivyo naweka mwiko chini tuelewane.

Sauda alikuwa mtu wa redio. Kila Alhamisi jioni kulikuwa na mchezo, na mwaka ule wa 1981 nusu ya soko ilihamia dukani kwa Hemedi kuusikiliza, maana redio yake ndiyo ilikuwa na sauti ya kututosha wote. Mchana wa Alhamisi Hemedi alianika mawe ya redio, zile betri, juu ya bati yapate nguvu, na ole wake mbuzi atakayeyasogelea. Mkewe, Tumu, ni rafiki yangu. Wao ni Waislamu, babu zao walitoka pwani, na sisi ni watu wa kanisa, lakini siku ya Alhamisi tulikuwa dini moja. Tulimpenda Sauda na tulimchukia mama mkwe wake. Huyo mama mkwe akifungua mdomo tu, Tumu anairushia redio maganda ya njugu.

Kisha Tumu akapata uvimbe tumboni. Daktari akasema lazima apasuliwe. Sasa sijui ni shetani gani alikuwa amekaa na mwandishi wa mchezo, kwa sababu wiki hiyohiyo Sauda naye akapata uvimbe tumboni! Mchezo ukakatikia pale anaposukumwa kwa kitanda cha magurudumu, mlango wa chumba cha upasuaji ukajifunga paa, wakaweka muziki. Tumu alisikia yote hayo akiwa amekaa juu ya gunia la sukari, mkono tumboni.

Kesho yake akalazwa. Daktari alipomuuliza kama yuko tayari, akajibu, "Nangoja Alhamisi."

Daktari akadhani ni mambo ya dini. Akasema polepole, "Nilifikiri siku yenu ni Ijumaa."

Ukweli Tumu aliniambia mimi. "Nangoja nijue Sauda ameamka au hakuamka. Akifa, narudi nyumbani na tumbo langu."

"Tumu, Sauda ni mtu wa kuigiza!"

"Na uvimbe ni uleule."

Ubishi wa Tumu naujua. Ukimsukuma anakaa chini. Na daktari alikuwa amemweleza Hemedi waziwazi kwamba uvimbe haungoji mtu, ukiachwa utamuua. Hemedi wa watu alikonda ghafla, akawa anauza sukari bila kuangalia mizani. Wateja walimwombea sana mkewe wiki hiyo, lakini sidhani walikuwa na haraka ya kuona amepona.

Alhamisi ikafika. Sauda akafa.

Hemedi akazima redio. Watu wakaondoka mmoja mmoja kama wanatoka matangani, nikabaki naye.

"Mama Mutiso," akaniambia kwa jina la mwanangu, "wodini hakuna redio, wewe ndiye utaenda kesho. Mwambie ameamka."

"Mbona usimwambie mwenyewe? Si mke wako?"

"Mimi uso wangu hunichoma, atajua nadanganya. Lakini wewe huuza muthokoi wa jana ukisema ni wa leo."

Nilikasirika, haki ya Mungu, lakini haikuwa saa ya kugombana. Nikaenda.

"Ameamka," nikamwambia Tumu, nikidhani nimemaliza kazi. Ngai! Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Nani alikuwa kando ya kitanda alipoamka? Alisema nini kwanza? Alishonwa kwa uzi gani? Mimi sijawahi kuona upasuaji wowote isipokuwa beberu akihasiwa, na hiyo si hadithi ya kumpa mgonjwa. Nikasema ni uzi wa hariri, mwekundu. Nikasema alipoamka aliomba chai ya maziwa. Nikasema mama mkwe alikuja na kapu, akafunua sufuria ya wagonjwa kabla hajawasalimu. Hapo sikubuni, huyo nilimtoa kwangu nyumbani, ni mama yake Nzomo mume wangu. Wodi nzima ikacheka. Kalunde, mama mmoja aliyevunjwa mguu na punda, alicheka mpaka akaulaani mguu wake.

"Sawa," Tumu akasema. "Lakini mtu anaweza kuamka Alhamisi hii akafa ile nyingine. Nangoja ijayo."

Basi nikaingia kazini. Redio ilikuwa inamzika Sauda, na mimi namlisha uji. Nilianza kumfikiria kutoka alfajiri. Nikikoroga sufuria nasema maneno ya Sauda, nikigeuka upande wa pili namjibu kwa sauti ya mama mkwe. Muthokoi ukaungua mara mbili. Nzomo akasimama mlangoni akauliza, "Kwani umeoa mke wa pili humu ndani? Naye anajua kupika?" Nikamwambia atoke, amenikatia utamu.

Na ulikuwa utamu kweli. Sikujua kwamba nina kitu kama hicho kichwani. Miaka yote nakaa chini ya redio kama kifaranga, mdomo wazi, nangoja mtu wa Nairobi anitie chochote, na kumbe naweza kujichimbia mwenyewe! Shida ni wenye kusikiliza. Nikawa nakwenda kila siku kuwakatia kile kipindi cha Alhamisi vipande vipande, kwa sababu hawakuweza kungoja wiki, na Kalunde akawa mtetezi wa mama mkwe. "Unamwonea," akaniambia. "Mama huyo ana uchungu wake." Mwingine akasema Sauda arudiane na mumewe, mwingine akaapa kwamba Sauda akimrudia, yeye mwenyewe hatagusa chakula cha hospitali. Wakagombana mpaka nesi akaja kuuliza nani amekufa. Sote tukajibu kwa sauti moja, "Hakuna!"

Ijumaa, mchezo ukiwa umeshapita, niliposema Sauda ametoka hospitali kwa miguu yake, Tumu akavuta pumzi ndefu. "Haya. Jumatatu wanipasue."

Nililia njiani nikirudi, na hiyo si aibu.

Sasa Jumapili mchana, nikiwa wodini, akaingia Mama Mchungaji. Ni mke wa mchungaji wetu, mama wa watu, mwenye moyo safi na sauti ya tarumbeta. Yeye ndiye alitufundisha katika mkutano wa akina mama kwamba mchezo wa redio ni shimo la shetani, na anayesikiliza ameshaingiza mguu mmoja. Akapita kitanda kwa kitanda akiomba. Alipofika kwa Kalunde, Kalunde akasema, "Mama, mshukuru Mungu pia kwa ajili ya Sauda. Amepona."

"Amepona?" Mama Mchungaji akashangaa. "Si alizikwa juz..."

Akajiziba mdomo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka nje, linatembea.

Tumu akaketi kitandani. "Alizikwa?"

Tumu akaivuta leso yake, akashusha mguu mmoja chini, akaanza kutafuta ndala kwa kidole. Nilijua akizivaa, hakuna daktari wala mume atakayemrudisha.

"Mama Mchungaji," Tumu akasema, "wewe ni mtu wa Mungu, hudanganyi. Ulimsikia akizikwa?"

Mama wa watu akaanza kutoka jasho. Akisema ndiyo, basi yeye mwenyewe yumo ndani ya shimo, na miguu yote miwili. Akisema hapana, amedanganya akiwa ameshika Biblia. Akaniangalia. Mimi nilikuwa namwangalia kama mbuzi aliyeona kisu. Akaangalia ule mguu wa Tumu unaotafuta ndala. Nikaona uso wake ukilegea, akaelewa kwamba uongo wangu ni wa kumfikisha Tumu kwa daktari.

"Dada yangu," akasema polepole, "Sauda ninayemjua mimi na huyu wa Mbula si mtu mmoja. Huyu wa Mbula sijamsikia hata siku moja." Akavuta kiti akakaa, Biblia juu ya magoti. "Hebu nimsikie."

Nikasimulia. Mwaitu, mama yangu wee, nilisimulia! Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe. Sauda akalima, Sauda akavuna, Sauda akanunua ng'ombe. Mguu wa Tumu ukarudi kitandani. Nilipotaka kumaliza, Mama Mchungaji akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Na yule mama mkwe, ataachwa hivyo hivyo? Haokoki?"

Kalunde akapiga makofi. Ikabidi nimwokoe palepale, na mimi bado nilikuwa na mipango naye.

Jumatatu mimi na Hemedi tulikaa nje kwenye benchi. Yeye alikuwa na tasbihi yake, mimi nilikuwa na tenzi zangu. Daktari alipotoka akasema uvimbe umetoka wote na mama yuko salama, nilipiga ukelele nesi akanifukuza mpaka getini. Hemedi alinifuata huko. Akanitikisa mkono kama pampu.

Tumu alirudi nyumbani siku ya Alhamisi. Bahati gani hiyo! Nilimsihi Hemedi aseme mawe yamekwisha, lakini soko zima lilikuwa limeshafika kumpokea, na mtu akaiwasha redio kabla hatujamzuia. Mle redioni ndugu walikuwa wanagombania vyombo. Vyombo vya marehemu Sauda, wakasema, na wakarudia, marehemu Sauda. Wote walikuwa wakijua hadithi yangu, na wote wakaangalia chini isipokuwa Tumu, ambaye alikuwa ananiangalia mimi, mkono juu ya kidonda chake.

"Hemedi, zima hiyo," Tumu akasema. "Hao watu hawajui kitu. Amekufaje, na mimi niko hapa?"