Jibu la Fundi Seremala

Kanisani walimwita Mikono. Siku za kazi alifundisha jiografia, na kila Jumapili alisimama kando ya mimbari akiwatafsiria viziwi mahubiri kwa lugha ya alama. Alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu. Wengi walimwambia kwamba ibada ikianza humtazama yeye kuliko mchungaji, naye aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku moyoni maneno hayo yakimkolea kama sukari.

Viziwi wa kanisa lile walikuwa wakikutana jioni kwenye karakana ya mwenzao mmoja, fundi seremala, kupiga soga. Walimwalika Mikono mara kadhaa, naye akasema ratiba imembana. Ukweli ni kwamba hakuona wangemwongezea nini.

Basi fundi seremala akaomba kubatizwa. Siku ilipofika kanisa lilijaa pomoni. Fundi alishuka kwenye kisima cha ubatizo, maji yakamfika kiunoni. Mchungaji alikuwa pembeni yake, na Mikono ukingoni, amewapa waumini mgongo.

"Unamkataa Shetani na kazi zake zote?" mchungaji akauliza.

Mikono akaonyesha alama ya kuacha, akaonyesha kazi, akaonyesha zote, akamalizia na pembe mbili kichwani. Fundi akakunja uso. Akafikiri kidogo, kisha akatikisa kichwa kukataa. Mchungaji akarudia swali, na safari hii fundi akakataa kwa nguvu hadi maji yakaruka. Minong'ono ikazagaa kanisa zima. Mchungaji alimshika fundi mkono akampandisha ngazi bila kumzamisha, nywele zake zikiwa kavu.

Nje watu walimzunguka Mikono kutaka kujua kulikoni. Akawajibu kwa sauti ya huruma kwamba ndugu yetu bado hajawa tayari, tumwombee.

Jioni mke wa fundi alibisha hodi nyumbani kwa Mikono. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Mwalimu, mume wangu anauliza, kwa nini kanisa linamtaka aache useremala akachunge ng'ombe?"

Mke wa Mikono, aliyekuwa akipanga vyombo, alicheka kabla hajajizuia. Mikono hakucheka. Kwenye video zake zile pembe zilikuwa Shetani. Kwa viziwi wa mji ule zilikuwa ng'ombe. Alikuwa amemuuliza baba mwenye watoto wa kulisha swali la ajabu, na yule bwana akajibu kwa uaminifu wote.

Mkewe alimshauri amnong'oneze mchungaji, mambo yaishe kimyakimya. Mwanzoni alikubali. Lakini kila alipokumbuka zile nywele kavu, alisukuma sahani kando. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alikwenda mbele.

"Ndugu zangu, fundi hakumkataa Bwana," alisema. "Mimi nilimuuliza vibaya, kisha nikamsema vibaya. Naomba anisamehe, nanyi mnisamehe."

Akaongeza kwamba hatasimama tena pale mpaka wale anaowatumikia wamrudishe wenyewe.

Kesho yake alikwenda karakana. Fundi alipomwona akaweka pembe mbili kichwani, akatembea kama ng'ombe mvivu, akacheka mpaka akashika meza. Halafu akamsogezea kiti.

Kazi ilianza upya. Mikono aligundua kwamba alama yake ya neema ilikuwa, kwa wenzake, sabuni. Mama mmoja mwokaji mikate, kiziwi mwenye utani mwingi, alimweleza kwamba walikuwa wamehubiriwa sabuni muda wote huo, na bado hawajatakata. Mikono akauliza, aibu imemjaa, kwa nini basi waliendelea kuja.

Mwokaji akaacha utani. Akamjibu polepole ili aelewe: "Tulikuona unajitahidi. Tukawa tunakungoja uje ukae nasi."

Alikaa nao miezi mingi. Alikosea, wakamkamata vidole wakavikunja sawasawa kama vya mtoto anayejifunza kuandika. Siku fundi alipoomba tena ubatizo, yeye na wenzake walimwendea mchungaji wakamwambia wanamtaka Mikono.

Safari hii Mikono aliingia majini pamoja naye. Swali likaulizwa. Mikono akalitafsiri, na fundi hakuitikia kwa kichwa tu. Alianza kusema kwa vidole vyake, akasema kwa kirefu, na Mikono akampa sauti mbele ya kanisa lote:

"Namkataa Shetani. Nilimkataa zamani, nikakosa wa kuwaambia. Namfuata Yesu, na randa yangu naenda nayo kumtumikia."

Mchungaji akamzamisha. Fundi alipoibuka, viziwi wote walikuwa wamesimama, mikono juu, wakiitikisa hewani, maana hivyo ndivyo wanavyopiga makofi. Mstari wa pili ukawaiga, kisha wa tatu, hadi wazee wa nyuma kabisa. Hakuna kofi lililosikika, ila kanisa zima lilikuwa likipepea kama shamba la mahindi kwenye upepo. Fundi akaangalia, akalia, akamkumbatia Mikono hukohuko majini, na mchungaji ikabidi asubiri sana, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha mkono.