Maji ya Chumba cha Nyuma

Ukitaka kumjua mtu, fungua klima yake. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema Massoudi, fundi wa viyoyozi wa Buyenzi, na watu walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Chujio la klima halijui kudanganya. Mwenye kufuga paka, manyoya yamo. Mwenye kuwalilia majirani kwamba nyumba yake haijaona nyama tangu Idi, mafuta ya kukaangia yamo. Massoudi aliona yote hayo, akayaosha kwa sabuni na brosi, akayamwaga mtaroni, na habari zake akazimwaga humo humo. Ndiyo maana alifunguliwa vyumba ambavyo hata ndugu wa mwenye nyumba hawakuvijua rangi.

Ilikuwa miaka ya vita na vikwazo. Mipaka imefungwa, klima mpya haziingii, na kila aliyekuwa na kizee chake ukutani alikilea ili kisife. Gesi ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe haikuwepo. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa usafi: kutoa vumbi, kunyoosha vibati vya ndani vilivyolala, kuzibua mpira wa kutolea maji. Massoudi aliifanya kazi hiyo pamoja na Hamimu, mume wa dada yake Sikuzani. Walikua pamoja, walisoma chuo cha Kurani mkeka mmoja, na siku ya ndoa Massoudi ndiye aliyeushika mkono wa Hamimu akamkabidhi dada yake.

Wawili hao walikuwa na desturi yao. Baada ya kazi walikaa kwenye benchi mbele ya stoo ya Hamimu, wakanywa chai ya tangawizi, na wakakabidhiana mashine. Ya fulani inanguruma. Ya fulani inatoa harufu, itazamwe kabla ya Ramadhani. Siku hizo mtu aliweza kuamka akute barabara imefungwa na askari, na mwenzake ndiye angekwenda badala yake, kwa hiyo kila mmoja alipaswa kuzijua mashine zote. Hakuna aliyemficha mwenzake kitu. Kumficha kungekuwa kumharibia kazi.

Basi kiangazi kimoja Massoudi alikwenda kwa Madamu Dative. Huyu alikuwa mjane, mfanyakazi wa wizara, anakaa Kinindo katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Klima zake zilikuwa mbili, ya sebuleni na ya chumba cha nyuma, na hii ya nyuma kila mara aliwaambia waiache, chumba hakina mtu. Massoudi alizunguka nyuma ya ukuta, upande wa kichochoro wanakopita watu, na hapo akasimama. Jiji zima limekauka, majani yamegeuka rangi ya kamba, na chini ya mpira wa klima ya chumba kisicho na mtu kuna kipande cha nyasi mbichi, zimenenepa, zinacheka peke yazo.

Klima iliyozimwa haitoi tone la maji. Alirudi ndani akafunga mlango.

"Madamu," alisema taratibu, "ile klima ya nyuma inatoa maji mingi sana."

Dative alimtazama usoni, kisha akakaa kitini. Alimwambia. Chumbani alikuwamo Hyacinthe, mdogo wa marehemu mumewe, muuguzi. Huko alikokuwa anafanya kazi alimfunga jeraha kijana mmoja bila kumuuliza ametoka msitu gani, na tangu siku hiyo anatafutwa na askari. Madirisha yamepigwa misumari na kuzibwa kwa magodoro. Bila klima, kwa joto la Bujumbura, angekufa mle ndani kabla hawajamkuta.

"Sasa umejua," Dative alisema. "Wakimupata watamuua, Massoudi. Na mi sina mutu mwingine."

"Mi sijaona kitu, Madamu. Nimeona tu mupira mufupi. Utapata murefu."

Na kweli alifikiria vizuri, tumpe haki yake. Aliamua mpira upitishwe chini ya ardhi, ndani ya ua, hadi kwenye kitalu cha mchicha, lengalenga, nyuma ya jiko. Mboga zikiwa mbichi nani atashangaa? Lakini mpira mrefu kiasi hicho hakuwa nao. Alikuwa nao Hamimu.

"Yote hii ya nini?" Hamimu aliuliza, akiupima mpira kwa mikono. "Unataka kumwagilia pamba?"

"Ya Madamu Dative. Ya nyuma."

"Ile chumba haina mutu."

Massoudi alinywa chai. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema panya wamekula ule wa zamani. Lakini palikuwa pale pale kwenye benchi, saa ile ile ya kukabidhiana, na mdomo wake ulikuwa umezoea njia. Tena aliona ni salama zaidi: siku yeye akizuiwa, Hamimu ndiye angekwenda kule, na asipojua angeweza kufungua mlango mbele ya watu. Akamwambia. Hamimu alitikisa kichwa kwa huruma, akasema masikini Madamu, na akampa mpira wote bila hata kutaja bei.

Hazikupita wiki nyingi, wakamchukua Hyacinthe.

Walikuja mchana kweupe. Hawakupekua sebule, hawakuinua hata zulia. Dative alisimulia kwamba walikwenda moja kwa moja kwenye lengalenga, mmoja akachimba kwa kidole, akashika mpira, wakaufuata hadi ukutani. Kisha wakavunja mlango. Dative alishamfukuza mtumishi wake wa ndani, binti wa watu, akiamini ndiye aliyesema. Binti aliondoka analia na furushi lake kichwani.

Massoudi alisikiliza hayo hadi mwisho. Mpira uliofukiwa haujulikani na mtumishi. Aliufukia mwenyewe siku binti huyo yuko sokoni. Alikwenda Buyenzi kwa miguu, hasira zikimpanda na kumshuka, akamkuta Hamimu anapanga vyuma vyake.

"Ni we?"

Hamimu hakujifanya haelewi. Aliweka mkono kifuani. "Wallahi, shemeji. Kwa Sikuzani na watoto wake. Kama mi nilifungua hii mudomo, Mungu anifunge yote mawili, mudomo na macho. We unaweza kuniwazia hivyo, mi?"

Machozi yalikuwa yanamlenga. Na Massoudi, ndugu zangu, aliona haya. Aliona haya mbele ya mtu waliyekalia naye mkeka mmoja, akamwomba msamaha, na Sikuzani akawaletea chai wakanywa. Usiku ule alilala usingizi mzuri. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila hawasemi kwamba nguo yenyewe huwa imekukaa vizuri.

Ikabaki kumtafuta Hyacinthe. Massoudi aliulizauliza kwa wateja wake, mpaka mmoja akamnong'oneza kwamba yupo hai, amefungwa kwenye kituo kimoja upande wa Kanyosha, jina lake tuliache, na kwamba ndugu wanaruhusiwa kupeleka chakula. Dative alilia kwa furaha. Alipika maharage na wali, akaongeza visamaki vya ndagala anavyovipenda Hyacinthe, akafunga sufuria kwa kitambaa.

"Mi naogopa kwenda peke yangu," alisema. "Twende na we. Kwa hii yote, ni we tu ulibaki mutu."

Maneno hayo Massoudi aliyabeba njia nzima. Yalimpa kiburi kidogo, na tusimlaumu.

Walifika getini, wakasimama na wanawake wengine wenye masufuria. Ndani ya ua palikuwa na jengo la ofisi, na ngazi imeegemezwa ukutani chini ya klima kubwa. Juu ya ngazi palikuwa na mtu anayesugua chujio kwa brosi, povu likimtiririka kwenye viwiko. Massoudi aliujua mgongo ule kabla ya kuuona uso. Alitamani sana akosee.

Askari wa zamu, mnene mwenye uso wa urafiki, aliwauliza majina. Aliposikia la Massoudi alicheka kwa sauti na kumpa mkono.

"Eh, ndo we Massoudi wa klima! Hamimu alituambia kila kitu: mukubwa wake ndo aliona, ye alileta tu habari. Bila ule mupira yako tungetafuta mpaka leo. Shefu amefurahi sana. Klima yote ya hapa sasa ni yenu wawili."

Juu ya ngazi Hamimu aligeuka. Hakushtuka. Alipunga chujio lililokuwa linachuruzika maji, uso umejaa wema.

"Shemeji! Nilikuombea na we. Jina yako niliweka ya kwanza, si we ndo mukubwa? Kesho uje na brosi yako."

Massoudi alihesabu ya kweli, na yote yalimfunga yeye. Kumwambia Hamimu, kweli alimwambia. Mpira aliufukia yeye, ndiyo. Hata akila yamini, atakula yamini gani, wakati ile aliyoiamini mwenyewe ndiyo hii inayomchekea juu ya ngazi? Aligeuka kumtazama Dative.

Dative alikuwa anamtazama alivyomtazama siku ile ya nyasi. Kisha alimwekea sufuria mikononi, polepole, asije akamwaga mchuzi.

"Peleka we," alisema. "We ndo wanakujua."

Akageuka akaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Askari alifungua geti, akamwelekeza Massoudi mlango wa mahabusu, wa pili kulia. Sufuria ilikuwa bado ya moto, na mle ndani Hyacinthe alikuwa ameshaambiwa aje kupokea.