Baffle Tano za Kurudisha Bwana

Mi niko na wivu. Nasema mbele, ili muntu asikuye kuniambia nyuma asema, "Mama Chanda, ile ilikuwa wivu." Ndiyo, ilikuwa wivu. Ilinikamata ku shingo na ilinipeleka mu boutique za elektroniki, miye muntu wa kuuzisha unga, wakati bwana yangu hana kazi na majirani bengi banakula mara moja ku siku.

Bwana yangu anaitwa Jephté. Miaka mingi alikuwa anatega baruti mu mugodi, kwa kampuni moja mudogo yenye ilikuwa inafanyia kampuni mukubwa kazi. Wakati serikali ilifunga kobalti isitoke mu inchi, ile kampuni mudogo iliita bantu bake pa kiwanja, ilibapa karatasi na asante, na magari iliondoka. Ilikuwa ni ile mwaka vita ilimeza Goma, na kisha Bukavu. Huku kwetu risasi haikulia, lakini kazi zilikufa moja moja, na banaume balianza kushinda pa nyumba mu singlet, banahesabu mabati.

Nyuma ya ukuta yetu, pale Kasungami, anapanga Katungu. Ni muntu wa Butembo, bale ba commerce: iko na boutique ya televizyo na redio mu muji, kule mu mutaa ya kati, commune Lubumbashi. Bwana yake, Kasereka, alikuwa Goma na mizigo siku muji ulianguka. Avion haitui tena, barabara imefungwa, banki imefungwa. Alibakia kule, anapiga simu wakati réseau inataka. Basi Katungu iko peke yake, kijana bado, mwili muzuri, mu nyumba yenye home cinéma, televizyo na masanduku ya kutoa sauti: baffle mbele, baffle nyuma, na moja mukubwa pa chini yenye inatetemesha sahani mu kabati yangu. Munaelewa sasa.

Mwanzo banaume bote ba barabara balikuwa banaenda kule Jumapili kuangalia mupira. Mulango wazi, batoto pa dirisha, sikusema kintu. Lakini saison ilikwisha, na bengine balirudia kwa bibi zabo. Jephté hapana. Kila mangaribi anavaa kandambili, asema, "Naenda kusikia habari ya mashariki." Tangu lini we ni muntu wa mashariki? Alizaliwa Kipushi, na mama yake pia.

Na chenye kiliniuma zaidi haikuwa ile kwenda. Ilikuwa kusikia. Mi niko mu jikoni nageuza bukari ya unga, na nyuma ya ukuta nasikia bwana yangu anaongea. Anajibu. Anacheka pahali pa kucheka. Zamani alikuwa vile na kwangu pia, muntu wa maneno, lakini ilikuwa sasa miaka mbili amenikaukia. Namuambia mutoto yetu Chanda iko na homa, anaangalia ukuta. Namuambia chumvi imekwisha, kimya. Nalala naye, namuelezea siku yangu yote, naongea na hewa. Nilisema mu roho yangu: sauti anaipelekea ile mwanamuke, na miye ananiachia mikoromo.

Mwanamuke mwenye wivu anapiga hesabu mbio. Kama ni sauti inamuvuta, nitaleta sauti pa nyumba. Nilikuwa na franga za kwenda kuchukulia unga Mokambo, kule ku mupaka. Mokambo sikuenda. Nilizifunga mu kitambaa, nilizificha mu kifua, nilishuka mu muji.

Mu boutique ya kwanza balinionyesha baffle za kusimama, murefu sawa mashemeji. Muuzishaji aliniita maman kila neno, alinikalisha mu kiti ya ngozi, alinisikilizisha ndege inapita nyuma ya kichwa mpaka niliinama. Kisha aliniuliza budget yangu ni ngapi. Nilimuambia. Alirudisha mikono mu mifuko na aliniambia mvua inakuya, afadhali niwahi kurudi.

Ya pili ilikuwa bei rahisi sana. Ku karatasi baliandika watts mingi ya kutosha kuangazia commune nzima. Lakini niliponyanyua baffle moja, ilikuwa nyepesi sawa kiberiti yenye imekwisha. Niliuliza kama ndani muna kintu. Asema, "Maman, muna sauti." Nilimurudishia sauti yake. Kisha nilipata bwana mwengine wa occasion, bintu yenye ilishatumika, anauzisha pa chini, anaapa bintu yake imetoka Ulaya wiki hii. Waya zote zilikatwa na kisu, na télécommande asema ataileta Jumatano. Nilizunguka mpaka miguu ilikataa. Na ilibakia boutique moja tu, yenye sikutaka kuingia.

Niliingia na shingo juu.

"Karibu, yaya," Katungu alisema, na alisimama. Aliniita yaya, dada mukubwa, na ilinichoma kabisa. Mwizi mwenye adabu anaumiza kupita mwizi wa matusi.

"Natafuta home cinéma," nilimuambia. "Ya kupita za bantu bengine."

Hakucheka. Aliniuliza salon yangu iko na hatua ngapi, na juu kuna plafond ama mabati tu. Aliniuliza courant ya umeme inakuyaka saa gani siku hizi ku upande yetu, sawa muntu mwenye hakai kule yee pia. Kisha aliniuliza kiti ya Baba Chanda iko ku upande gani ya salon.

"Kiti yake unaiuliza juu ya nini?"

"Juu baffle zinapangiwa muntu, yaya, hazipangiwi nyumba. Kuna pahali pamoja tu penye sauti yote inakutana. Kama haujue nani atakaa pale, utatupa franga."

Alitoa mashini mbili, aliziweka pa meza. Moja ilikuwa na baffle tano, ingine tatu. Aliniambia nisisome watts, karatasi inakubali kila kintu, ninyanyue tu. Nilinyanyua. Zilikuwa nzito muzuri. Nilichukia kuona vile anajua kazi yake.

"Franga zako zinafika ile ya baffle tano," alisema, "lakini zitakwisha zote, na hautakuwa na kintu ya kurudilia ku unga. Kama ni miye, nachukua ya tatu. Mbili unaziweka mbele. Hii ingine unaipandisha nyuma, ku mukono yake ya kuume, karibu na kichwa. Ya kushoto utalipa bure. Ile sikio haisikie."

"Sikio gani?"

"Ya kushoto. Tangu ile baruti ilipasuka mbele ya saa yake. Si miaka mbili sasa?" Alikuwa anafunga waya na mikono, anasema vile muntu anasema bei ya sukari. Kisha aliinua kichwa na aliniona, na mikono yake ilisimama. "Yaya. Hakukuambia?"

Nawaambia kweli yangu, hata mukinicheka. Afadhali angeniambia amelala na bwana yangu. Ile najua kuipigania: unamuvuta mwanamuke ku kitambaa, barabara yote inatoka, kisha mambo inakwisha. Lakini hii? Mi nafua mashati yake. Mi najua jino gani inamuuma na mboga gani inamufungia tumbo. Na huyu mupangaji, mwenye alikuya juzi na mizigo yake, ndiye anajua sikio gani ya bwana yangu imekufa.

"Najua," nilisema. "Bwana ni yangu, nitakosa kujua? Nifungie ya tano."

"Yaya, ile ya kushoto..."

"Tano, mama. Kwangu hatununuaka nusu."

Alinifungia ya tano. Alinipunguzia bei bila miye kuomba, na ile pia nilimuchukia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kutoka ku misa nilivua nguo ya kanisa, nilivuta waya miye mwenyewe kutoka ku televizyo yetu mudogo, nyuma ya kiti, chini ya kapeti, juu ya dirisha. Baffle ya kushoto niliifunga muzuri kupita zote. Jephté alitoka ku shamba na jembe ku bega, alisimama pa mulango. Aliangalia ile bintu moja moja mpaka ya tano.

"Franga imetoka wapi?"

"Ku unga."

Alitikisa kichwa, alinawa miguu, alikaa. Courant ilikuwa. Balikuwa banaonyesha mupira ya inchi ya mbali, na kelele ya bantu ilijaa salon mpaka sahani zilitetemeka, sahani zangu, na baffle zangu miye mwenyewe. Nilimuona anatabasamu. Saa ya kandambili ilifika na ilipita. Nyuma ya ukuta, ku Katungu, kimya. Nilishinda, na nasema ukweli, nilitaka aone.

Nilikaa pahali pangu pa siku zote, ku kushoto yake, juu ndiko kuna mulango ya jikoni. Nilisema na sauti ya kawaida, "Jephté, bukari iko tayari."

Hakugeuka. Baffle ya kushoto ilikuwa inaimba karibu na sikio yake, imenikulia safari nzima ya Mokambo, na hakugeuza hata jicho. Mi na ile baffle tulikuwa tunaimbia ukuta.

Nilisimama, nilipita nyuma ya kiti, niliinama ku kuume. Nilishusha sauti chini kabisa, sawa muntu anaamusha mutoto.

"Jephté."

"Eh?" alijibu, palepale. "Nakuya."

Mu kitanda yetu mi nalala ku ukuta, na ukuta iko ku kushoto yake, na yee analalia sikio ya kuume. Mwaka jana nilikuwa na mimba, changa bado, nilikuwa namuchungia habari mpaka Noeli. Ilitoka. Nilimuambia mu giza, yote, mu ile sikio, na nililia pale, na yee alilala. Asubui nilimupikia chai na sikumusamehe. Mpaka ile Jumapili nilikuwa sijamusamehe. Na yee alikuwa haijue kama kuna kintu ya kusamehewa.

Nilichukua télécommande na nilizima. Salon ilikuwa kimya mpaka tulisikia kuku inje. Alishangaa, aliniangalia. Nilivuta kiti mudogo, nilikaa ku kuume yake.

"Sikio yako ya kushoto imekufa," nilimuambia, "na ni Katungu mwenye kuniambia."

Alishusha macho. Alifuta udongo yenye ilibakia ku kidole ya muguu. Asema ku kazi balikuwa banaondosha kwanza bale ba masikio mabaya. Asema alificha kule, kisha alificha ku barabara, kisha alizoea.

"Na huku pa nyumba ni ku kazi?"

"Hapana."

"Mi ni chef yako? Nitakufukuza?"

"Hapana, Chileshe."

Aliniita jina yangu, si Mama Chanda, na hata ile haikunipoza. Mimba sikumuambia bado. Maneno mengine ilikuwa mbele, ilinifuata tangu boutique, na niliitoa sawa vile ilikuwa.

"Basi juu ya nini yee alijua mbele yangu? Ile mwanamuke alikupa nini?"

Nilimuangalia mu macho, nikingoja uongo. Hakutafuta uongo. Alifikiri muzuri, kama muntu anataka kulipa haki, na aligeuza kichwa kidogo ili sikio yake ya kuume ikuye ku upande yangu.

"Hakunipa kintu," alisema. "Aliona nageuzaka kichwa. Aliniuliza."