Mkono wa Mkamwana

Nesi Winfrida alifunga kitambaa cha njano kwenye chuma cha kitanda namba saba, kisha akamgeukia Tulia.

"Ukiona hiki, ujue mzee anaweza kuanguka wakati wowote. Kiharusi kimemlegeza mguu wa kushoto. Akitaka kusimama, mshike. Akienda chooni, mshike. Umenielewa, dada?"

"Nimeelewa."

"Wewe ni binti yake?"

"Mkamwana wake."

"Vizuri." Akaandika kwenye fomu kwamba ndugu wa kumshika mgonjwa yupo, akaenda zake. Wodi ile ya wanaume ilikuwa na wagonjwa thelathini na nesi mmoja, naye alikuwa mgeni kutoka Singida, mwezi wake wa pili Tukuyu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mila ya huku juu ya mkwe na mkamwana.

Kwa miaka tisa ya ndoa Tulia hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni, wala kutamka jina lake, wala kupokea kitu kutoka mkononi mwake. Kule kijijini Suma, akimsikia anakohoa njiani, aliingia migombani mpaka apite. Chakula chake kilipelekwa na watoto. Mwaka wa kwanza alikalia kigoda cha mzee bila kujua, na wifi yake Hellen akapiga kelele hadi ukoo ukakaa kikao. Baba yake Tulia akaleta jogoo na mkungu wa ndizi kuomba radhi. Hellen alikula paja.

Sasa Godwin, mume wake, alikuwa Tunduma na magunia yake ya mchele, kila akipigiwa anasema yuko njiani. Hellen alikuwa kwenye semina ya kwaya Isongole, angekuja Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nyumbani mila ilikuwa na nafasi ya kutosha, mashamba na migomba. Hapa wodini ilikuwa na hatua mbili, kutoka kitandani hadi kwenye benchi ambako Tulia alikaa amegeuza mgongo, kanga kichwani. Aliyewaokoa ni Salimu wa kitanda namba nane, fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo pale mjini, mguu wake umening'inizwa juu baada ya bodaboda kumtupa mtaroni.

"Kaka, mwambie uji umepoa."

"Mzee, uji umepoa."

"Ndaga," mzee akashukuru kwa lugha ya kwao.

"Anasema ndaga."

"Nimesikia."

"Kumbe unasikia! Sasa mimi naumiza koo la nini?"

Tulia akacheka ndani ya kanga. Mzee naye alicheka, wakamsikia.

Kila kitu kilichowezekana bila kumgusa, Tulia alikifanya. Alifuta sakafu kila walipomwaga maji. Alifunga kamba za katani chini ya kandambili za mzee zisiteleze. Chuma cha kitanda kilichovunjika alikikaza kwa bendeji, na fimbo akaisogeza pale mkono mzima ungeifikia. Jumanne alimfuata nesi kwenye meza yake.

"Dada, yule mzee mimi siwezi kumshika."

"Unamwonea kinyaa?" Winfrida hakuinua macho. "Mzazi wa mume wako? Aibu, dada yangu."

Tulia alifungua mdomo aeleze, mgonjwa wa namba kumi na tisa akaanza kutapika, nesi akakimbia.

Akampigia Hellen. "Wifi, njoo. Au waambie wazee wakae waniruhusu, nimshike anapokwenda chooni."

"Umshike baba yangu? Wewe?" Nyuma yake watu waliimba. "Usituletee mambo ya ajabu hospitalini. Nimesema Alhamisi."

Jumatano asubuhi Salimu alisukumwa kwenda kupigwa picha. Alimpungia Tulia mkono kama mtu anayepanda basi. "Msigombane!"

Robo saa baadaye kitanda kikalia. Mzee alitaka kwenda chooni, na sasa hapakuwa na mtu wa kumtuma maneno. Chombo cha kitandani asingekitumia mkamwana akiwa pale, hilo Tulia alilijua, kwa hiyo alitoka mbio kumtafuta nesi. Winfrida alikuwa ameshika mkono wa mgonjwa anayeongezwa damu, anatafuta mshipa.

"Si nilikwambia umshike mwenyewe? Nenda!"

Aliporudi mlangoni mzee alikuwa amesimama, ameng'ang'ania stendi ya dripu. Stendi ile ilikuwa na magurudumu. Ikaanza kumkimbia.

Tulia akaruka, akanyoosha mkono. Mzee akauona. Akajivuta nyuma polepole, kwa adabu, kama anayempisha mgeni mlangoni. Na mkono wa Tulia, ukweli huu aliujua yeye peke yake, ulikuwa umeshasita.

Mzee akaenda chini, na mfupa wa nyonga ukalia kama kuni kavu inayovunjika.

Hellen hakungoja Alhamisi tena. Saa tisa alikuwa ameshashuka kwenye bodaboda, amevaa sare ya kwaya.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ukamwangalia anaanguka?"

"Nilikupigia jana."

"Miaka tisa unakula kwetu! Mkono tu, Tulia! Mkono tu umekushinda!"

Winfrida alikuwa anajaza fomu nyingine. Kwenye nafasi ya chanzo aliandika kwamba ndugu alizembea. Kisha akamtazama Tulia, akaitazama kanga iliyofunika uso wake mbele ya kitanda, akaanza kuelewa jambo. Lakini fomu aliifunga hivyohivyo.

Daktari alisema mzee hatasimama tena. Atageuzwa kila saa mbili, ataogeshwa, atabadilishwa kitandani. Hapo wazee watatu wa ukoo wakaitwa, wakakaa kwenye nyasi nje ya dirisha. Wakarudi, na Mzee Jairo, mdogo wa mgonjwa, ndiye aliyesema.

"Kwa hali ilivyo, tumemfungua mkamwana. Sasa anaweza kumshika. Atamuuguza yeye."

"Dakika kumi," Salimu akasema kutoka kitandani kwake. "Niliwatazamia saa. Mmekaa dakika kumi."

Mzee Jairo akakung'uta nyasi kwenye koti lake.

Shuka ya mzee ilikuwa imelowa. Tulia akavua kanga kichwani, akaifunga kiunoni. "Wifi, shika upande ule tumwinue."

Hellen alirudi nyuma hadi ukutani. "Mimi ni mtoto wake wa kumzaa. Utupu wa baba siwezi kuuona."

"Basi pisha."

Tulia akainama, akapitisha mikono yote miwili chini ya mabega ya yule mzee. Alikuwa mwepesi kuliko debe la viazi. Mzee aliyafumba macho kwa nguvu, machozi yakamtoka pembeni.

"Shika shingo yangu, Ambindwile," Tulia akasema kwa sauti, akimtaja kwa jina tupu mbele ya wazee wote.

Jairo alikohoa. Hellen aliangalia sakafu. Safari hii hakuna aliyedai jogoo.