Mwanya wa Kinu

Mume wangu alikuwa mpima ardhi, na mtaani walimwita Sentimita, kwa sababu hakuna kitu alichokipita bila kukipima. Hata balbu akiibadilisha, aliandika tarehe kwenye kitako chake kwa penseli. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu hauna breki, na kwa miaka kumi na tisa tulitengeneza bia pamoja kwenye kibaraza cha nyuma ya jiko: yeye anasaga kimea, mimi nachemsha maji. Ndoa nyingine zina watoto. Yetu ilikuwa na mapipa mawili na kinu cha mkono.

Ni miezi michache sasa tangu afariki. Moyo. Aliniachia mfuko mmoja wa kimea cha shayiri, wa mwisho aliouchagua mwenyewe, na nilitaka utoe bia yake hasa, ile ya zamani iliyojaa kinywani. Niinywe mara moja tu, halafu nikubali kwamba hayupo.

Tatizo lilikuwa kinu. Mwaka wake wa mwisho bia yetu ilipooza, ikawa nyepesi. Kimea kilitoka kimepasuka nusu nusu, punje nyingine nzima kabisa, na punje nzima haitoi utamu wake hata uiloweke kwenye maji moto mpaka kesho kutwa. Nami sikunyamaza. Siku tuliyofungua pipa lake la mwisho nilikunywa funda moja, nikamwambia, "Sentimita, siku hizi unaninywesha maji ya kuoshea vyombo."

Alicheka, akajifuta jasho. "Kimea cha siku hizi hakifai, mke wangu. Mimi nifanyeje?"

Basi nikaenda dukani, nikamtolea uvivu muuza kimea mbele ya wateja wake. Nilimwita mwizi. Yule mzee aliinama akaendelea kufunga mifuko yake.

Sasa, Sentimita akiwa hayupo, Jumamosi moja asubuhi nikamwita shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye ni fundi baiskeli, aje akiangalie kinu. Kina rola mbili za chuma, punje zinapita katikati. Pembeni kuna kifundo: ukikizungusha, rola zinakaribiana au zinaachana, kisha unakaza nati ili zikae hapohapo.

"Rola zimelika," nilimwambia. "Au nati imelegea. Nirudishie kinu kama kilivyokuwa."

Akachukua kitambulisho cha kazi cha kaka yake, kilichokuwa kimening'inia kwenye msumari palepale. Hicho ndicho kilikuwa kipimo. Sentimita alisema mwanya mzuri ni ule unaokipitisha kitambulisho kwa kukikwaruza kidogo, ili punje ipasuke lakini ganda lisisagike, maana ganda ndilo chujio letu. Shemeji alikipitisha. Kikadondoka upande wa pili bila kugusa chochote. Picha ya mume wangu ilinitazama kutoka sakafuni. Niliiokota, nikaipangusa kwa khanga.

"Shemeji, rola ni nzima," alisema. "Na nati hii imekazwa vizuri sana. Huu mwanya mtu kaufungua kwa kutaka mwenyewe."

"Nani aufungue? Mimi hata kukishika alinikataza."

Ni kweli. Mwaka ule wote nilipomwambia leo nisage mimi, alisema, "Kinu ni changu. Wewe nenda kwenye maji yako." Nilidhani ni ukaidi wake tu.

Shemeji akakigeuza kinu kwenye mwanga. Kwenye ubao wa pembeni mwake, kuzunguka kifundo, kulikuwa na vistari vitano vya penseli, kila kimoja na tarehe yake, kila kimoja kikisogea mbali na cha kwanza. Cha kwanza kilikuwa cha mwezi wa tatu mwaka jana. Cha mwisho kilikuwa cha miezi miwili kabla hajafa.

Nikakaa kwenye ndoo. Baada ya mazishi daktari aliniambia kwamba mume wangu alianza kwenda kwake mwezi wa tatu, akakatazwa kazi nzito. Mimi nilikuwa nimeambiwa anakwenda kupimwa macho.

Shemeji hakuyajua hayo. Alirudisha mwanya wa zamani, akamwaga konzi mbili za kimea, akazungusha. Ana mikono ya kunyoosha chuma, lakini mishipa ya shingo ilimtoka. "Kizito," alisema, "lakini ndivyo kinavyotakiwa." Punje zilishuka zimepasuka barabara. Nilikuwa nimepata nilichomwitia.

"Nikumalizie mfuko wote?"

"Hapana. Kirudishe kwenye kistari cha mwisho."

"Shemeji, utakunywa maji."

"Kirudishe."

Akakirudisha, akanipisha. Nilishika mpini, nikauegemea kwa nguvu zangu zote. Ulinikimbia, nusura nianguke. Nikajaribu kwa kidole kimoja, ukazunguka. Punje nzima nzima zilidondoka kwenye ndoo, na nikaelewa kwamba hizo ndizo nguvu alizokuwa nazo mume wangu alipokuwa akisaga kimea cha ile bia niliyoiita maji ya kuoshea vyombo. Nililia huku nazungusha. Shemeji alitoka nje, akajifanya anakagua baiskeli yake.

Niliusaga mfuko wote hivyo hivyo. Bia ilipoiva, Sentimita sikuwa na pa kumwomba radhi, kwa hiyo chupa ya kwanza nilimpelekea muuza kimea. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba kimea chake hakikuwa na kosa lolote, na kwamba mwizi hakuwepo.

Aliifungua, akaonja, akakaa nayo kinywani kwa muda. Nilimwona anatafuta neno ambalo halitaniumiza.

"Ni nyepesi kidogo, mama."

"Ndiyo," nilimwambia. "Hapo ndipo nguvu zake zilipofika."